Sindano na Siafu

Mtoto wetu wa pili alikuwa mnene kiasi kwamba siku ya kupima kilo, mizani yote ya hapa Kasongo iliomba mapumziko. Basi mganga wa kituo cha afya aliposema tumpime damu, nilichoka papo hapo. Dada yake mkubwa ana SS, ule ugonjwa wa damu unaoumiza mifupa, nasi tulikuja kuujua baada ya yeye kulia mwaka mzima.

"Mukamwana, mutoto iko muzima!" mama mkwe alisema. "Unatafuta nini mu damu yake?"

Sikuwa natafuta, niliogopa kupata. Yule wa kwanza nilikuwa nimembeba hadi hospitali mara elfu moja, na mgongo haukutaka wa pili.

Asubuhi ya tatu ya kuahirisha, binti yangu alishika kisigino cha mdogo wake, pale mganga angechoma, akamwambia: "Usiogope. Sindano inauma sawa siafu tu. Mifupa njo inauma kweli."

Nikachukua kitenge, nikamfunga mnene wangu mgongoni. Alicheka njia nzima hadi kituoni, na kilo zake zote nilizisikia.