Moshi Uliokataa Kupanda

Mwezi wa sita huku Mufindi hakuna anayekuuliza kwa nini umevaa makoti mawili. Asubuhi sakitu, umande ulioganda, inalala juu ya mashamba ya chai kama chumvi iliyomwagika. Mimi baridi ile nilikuwa naipenda. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikaja kukaa kwa dada nimsaidie kulea, na huku naosha nepi nilikuwa naota mambo yangu. Reli mpya ilikuwa inajengwa kuelekea Mbeya, nami nilishajiona nimekaa dirishani kwenye behewa, nimevaa gauni la njano.

Dada alikuwa amejifungua mtoto njiti, wa kike, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja cha shemeji. Walipomruhusu kutoka hospitali kule Tosamaganga, muuguzi alitilia mkazo mambo mawili: mtoto asipate baridi, na asivute moshi. Jiko la mkaa chumbani alilikataza kabisa, alisema linaua watu wakiwa usingizini. Vidole au kucha za mtoto zikianza kugeuka rangi ya bluu, arudishwe hospitali haraka.

Bahati yetu ilikuwa nyumba. Shemeji aliendesha lori la majani ya chai, na shambani walimpa nyumba ya zamani iliyojengwa na Mzungu, yenye meko ya matofali ukutani na dohani ya kupandishia moshi mpaka juu ya bati. Ukiwasha kuni kavu za muwati, chumba kinakuwa kama tumbo la mama. Mtoto alianza kunenepa mashavu.

Kisha bibi yetu akaja kutoka Igowole kumwona kitukuu, na mzigo wake kichwani. Akamkagua shemeji juu mpaka chini, akamwambia amemuoa mjukuu wake lakini hajamnenepesha, bora angemuoa yeye. Tulicheka sana siku hiyo.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, niliwasha moto kama kawaida. Moshi ukapanda kidogo, ukasita, ukarudi chumbani wote. Mtoto akakohoa, kikohozi chembamba kama cha paka. Dada alimnyakua, akakimbilia naye jiko la nje, ambako moto ulikuwa umeshazimika, akamkabidhi bibi amfunge kifuani chini ya blanketi. Bibi alishangaa tunakimbia nini. Kwake moshi ndani ya nyumba ni kitu cha kila siku.

Tukaanza kutafuta ubaya uko wapi. Kwanza nilizilaumu kuni, nikaleta nyingine kavu kabisa. Moshi ukarudi. Nikafungua dirisha, labda chumba kinakosa hewa. Moshi ukarudi, na baridi ikaingia juu yake. Shemeji alipotoka kazini alipanda juu ya bati, akateremsha jiwe lililofungwa kamba ndani ya dohani. Jiwe halikufika chini. Akashuka, uso umebadilika, akasema matofali yameanguka ndani, hiyo ni kazi ya fundi. Na fundi mwashi tuliyemjua alikuwa mbali, Kilolo, anajenga.

Jua lilikuwa limeshagusa misonobari. Dada alirudi kutoka jiko la nje akasema kwa sauti ndogo, "Kucha zake zinaanza kugeuka rangi."

Shemeji alichukua funguo za lori. Nililijua lori lile: mlango mmoja haufungi, kioo cha mbele kina tundu, na njia ya Tosamaganga ni upepo mtupu. Tungemuua njiani. Tukikaa naye bila moto, vilevile.

"Shemeji," nilisema, "nipe kioo chako cha kunyolea."

"Unataka kujitazama saa hizi?"

"Nataka kutazama juu. Nipe kabla jua halijazama."

Alinipa. Nilifagia makaa pembeni, nikaingiza kichwa na mkono ndani ya meko, nikakiinamisha kioo kuelekea juu. Pale ambapo ningeona kipande cha mbingu, niliona vitu vimening'inia, vyeusi, vimebanana kama popo. Nikavigusa kwa chuma cha kuchochea moto. Kitu kidogo kikaniangukia shavuni, kikatua kwenye majivu. Punje ya mahindi.

Nilielewa palepale. Nyumbani kwa bibi mahindi ya mbegu hufungwa kwa maganda yake, yakatundikwa juu ya moto, moshi uyakaushe, wadudu wasiyaguse mpaka msimu wa kupanda. Bibi alikuwa amekuja na mbegu zake. Asubuhi, moto umezimika na sisi tuko nje tukimwotesha mtoto jua, aliona chuma kilichokatiza ndani ya dohani, akaona wenye nyumba wamemtengenezea mahali pa kuzitundika.

Tulivuta fungu moja baada ya jingine, masizi yakatujaa mpaka menoni. Niliwasha karatasi, nikaishika juu ya kuni. Mwali ulilala upande mmoja, ukainuka, ukavutwa juu kwa sauti kama mtu anayekunywa uji wa moto. Nilitoka nje mbio kutazama. Moshi ulikuwa unatoka juu ya bati, mnene, mzuri.

Dada alimvua mtoto soksi akakaa naye karibu na moto, kifua kwa kifua. Tulizitazama kucha zile kama watu wanaosubiri maji yachemke. Zilikawia. Halafu kidole gumba kikawa chekundu kidogo, na kingine, na mtoto akaanza kulia kwa hasira kabisa. Shemeji alirudisha funguo kwenye msumari.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anatazama lile fungu jeusi sakafuni.

"Kumbe nyie moshi mnautupa nje," alisema. "Sasa mbegu yangu itakaukia wapi?"

Shemeji alibeba mahindi yote, akaenda kuyatundika juu ya mafiga ya jiko la nje, na bibi nyuma yake akimwelekeza, hapana mume wangu, juu zaidi, hapo panya watafika.