Immaculée anamtetea mbwa ambaye yeye mwenyewe anamwonea wivu

Saa mbili na nusu asubuhi, Immaculée anaingia katika duka la vyakula la Dulla, Albert Park, Durban, akiwa na karatasi iliyopigwa plastiki. Mlangoni anasubiri mumewe, Athanase, ambaye haoni. Kando yake amekaa mbwa mweusi mwenye mkanda wa kazi kifuani. Mbwa huyo anaitwa Cathy.

"Dada, mbwa dukani hapana," anasema Dulla, Mtanzania wa Tanga. "Mimi nauza unga hapa. Wateja watanikimbia."

Immaculée hakasiriki. Anamsomea karatasi polepole: sheria ya usawa ya Afrika Kusini, ya mwaka 2000, inakataza kumnyima mtu mwenye ulemavu kile kinachomwezesha kuishi kama wenzake. Mbwa aliyefunzwa kumwongoza asiyeona ni msaada wa namna hiyo, kama fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Anayefukuzwa anaweza kwenda Mahakama ya Usawa. Kisha anaongeza kwamba mbwa akiwa kazini haguswi wala halishwi.

Dulla anakuna kichwa. "Haya, apite. Ila asilambe kitu."

"Haiwezi kulamba bila ruhusa," Immaculée anajibu. "Iko na nidhamu kunipita mimi."

Chama kidogo cha wasioona ndicho kilichompa kazi hii ya kueleza sheria, siku tatu kwa wiki. "Wananipa rand two hundred kwa siku," anasema. Siku nyingine anasuka nywele saluni. Mwezi uliopita alizungukia maduka, saluni na makanisa arobaini na matatu, na kumi na sita yalimkatalia.

Liko jambo moja ambalo hakuwaambia waliomwajiri. Anamwonea wivu mbwa huyo, wivu kamili, kama wa mke mwenza. Ukitaka kucheka, cheka taratibu, maana mwenyewe hacheki.

"Sitakuficha, niko na jalousie," anasema. "Miaka kumi na moja, mimi njo nilikuwa namuongoza. Tunashuka ngazi, tunavuka robot, zile taa za barabara, tunapanda taxi mpaka Jacobs kwa kazi yake. Batu walikuwa wananiita Macho. Sasa hakuna mwenye ananiita vile."

Athanase alipofuka kwa presha ya macho kabla hawajatoka Uvira, Kongo. Leo anafunga mifagio katika karakana moja ya Jacobs. Cathy alikuja miezi kumi na minne iliyopita, akiwa amefunzwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo ulipoanza uchungu wa mkewe. Athanase si mtu wa maneno mengi, lakini kila asubuhi humwambia mbwa wake "good girl".

"Mimi hajaniambia ata 'wewe ni muzuri' toka tuoane," Immaculée analalamika.

Siku moja jirani yao Laurette, ambaye humwita Mama Hardy kwa jina la mwanawe, alimsikia kupitia ukutani akilalamika juu ya Cathy. Akaja kugonga mlango, sura ya huruma, kuuliza Cathy ni nani.

"Nikamwambia, 'Ni mbwa tu.' Akanishika bega: 'Mama Hardy, usitukane mwenzako. Mwenye kosa ni bwana.'"

Ilibidi amwite Cathy atoke chumbani ndipo Laurette aamini. Siku hiyo Immaculée alimsomea jirani yake karatasi nzima, kwa hasira.

Wivu huo ulimponza mwezi Machi. Katika kliniki moja ya mjini, mlinzi alimzuia Cathy. Karatasi ilikuwa mkobani, maneno yote Immaculée anayajua kwa kichwa, na hakusema lolote. Cathy akabaki nje na mlinzi. Athanase akashika mkono wa mkewe.

"Dakika arobaini alikuwa wangu," anasema, akitazama chini. "Nilifurahi. Nilikuwa mbaya, lakini nilifurahi."

Namuuliza Athanase, aliyekaa mezani nasi nyumbani kwao, kama aliwahi kuyajua hayo.

"Nilijua siku ile ile," anasema. "Ile karatasi inalia ndani ya mfuko. Nilisikia anaigusa, anaiacha."

Immaculée anamgeukia. "Papa Hardy, kwa nini haukusema?"

"Na wewe haukusema." Kisha anaendelea. "Mbele ya Cathy kuja, nikitaka kutoka ilikuwa lazima nikungoje. Ulikuwa unarudi toka saluni miguu imevimba, mimi ninasema sina pa kwenda. Nilikuwa na pa kwenda. Nilikuonea huruma."

Immaculée anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua.

Jumapili ijayo atasimama katika kanisa lao la Cato Manor, mojawapo ya yale kumi na sita. Safari hii wazee wamempa dakika tano. Anasema atasoma yote, bila kuruka mstari, ili mumewe aingie na mbwa wake mpaka kiti cha mbele. Wivu haujaisha na hadai kwamba utaisha.

Namuuliza, basi, yeye mwenyewe anatumaini nini. Anamtazama mumewe, kisha anajibu kwa sauti ya chini.

"Mangaribi tukishatoa mkanda, Cathy inalala. Saa ile njo ninataka. Anishike mkono, na hatuna kwenye tunaenda."