Jani la Isale

Nilitoka Mombasa kwenda Tanzania kujitolea kufundisha Kiingereza, katika shule ya msingi iliyo mlimani juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba na kahawa. Mimi hasira zangu ni za karibu. Siku moja darasa zima lilimcheka binti aliyekwama akisoma kwa sauti. Niliwafokea, nikafunga kitabu na kuapa kwamba sitawafundisha tena.

Kesho yake asubuhi niliwakuta wamesimama nje ya darasa. Yule binti alikuwa mbele, ameshika jani refu la kijani kwa mikono miwili. Nikadhani ni pambo.

“Liweke kwenye chupa ya maji,” nikamwambia. Hakusogea.

Mwalimu mkuu akanivuta kando. “Hilo ni isale. Kwetu Uchagani, ukiletewa isale unaombwa msamaha. Halikataliwi, hata ugomvi uwe wa damu.”

Nikarudi, nikalipokea.

“Lakini waliyemcheka ni wewe,” nikamwambia binti. “Mbona unaniletea wewe?”

“Mimi walishaniletea jana nyumbani, madam,” akasema. “Leo nimewasindikiza.”