Sensa yangu imeshika mwizi wa nyasi

Niaje bazenga, leo kijiti yangu imeshika mwizi!

Cucu, nyanya yangu, alikuwa ameapa leo Ciru, ng'ombe yetu, anaenda kichinjio Dagoretti.
"Anamaliza nyasi yote shambani na maziwa hatoi!"

Sasa mimi nilikuwa nimepanda sensa huko shambani. Nimejiundia na spea za maduka ya elektroniki ya Luthuli, nikaifunga kwa kijiti. Inapima urefu ya nyasi na kunitumia kwa simu.

Saa nne simu ikalia. Nyasi imeshuka nusu!
Na Ciru? Amefungwa hapa nyumbani, anaangalia ukuta.

Aki nilikimbia na slipa moja.

Nikapata nani? Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Ameinama na mundu, gunia imejaa 😂

"Kijana wangu... nilikuwa nawapunguzia tu."
"Mzee, nani alikuita?"

Nikarudi mbio. "Cucu, si Ciru! Sensa imelia Ciru akiwa amefungwa hapa, ni mtu anakata!"
"Unataka niamini kijiti? Nipe jina."

Mnunuzi wa kumpeleka Ciru kichinjio anafika saa kumi.
Na kesho jumuiya inasali kwetu. Mzee wa gunia ndiye anaongoza.

Wewe ungemtaja?