Upinde wa Kuwindia Ulionikalisha Chini

Jamani, wivu umeniaibisha mbele ya wageni wa kambi yetu ya watalii huku Ikoma.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wageni kulenga shabaha kwa upinde wa mti. Kisha mgeni mmoja akatuachia pinde mbili za kisasa, zenye magurudumu ya kuvutia kamba: mmoja mrefu na mwepesi, wa shabaha, mwingine mfupi na mgumu, wa kuwindia. Meneja akamkabidhi mwenzangu wa kazi, Marwa, zote. Tangu hapo Rhobi, mpishi ninayempenda kimyakimya, akawa anamfuata Marwa uwanjani kila jioni.

Jumapili, Marwa akiwaonyesha wageni ule mrefu, nikadakia, "Huo ni wa kuchezea. Mwanaume anavuta huu wa kuwindia."

"Mwita, huo ni mgumu, unataka mazoezi," Marwa akaniambia.

Nikajua ananibania mbele ya Rhobi. Nikavuta. Kamba ikasogea kidogo, ikagoma. Nikavuta kwa mwili mzima, miguu ikateleza, nikakaa chini puu.

Rhobi akauokota upinde. "Pole, kaka Mwita. Huu ndio anaonifundishia Marwa," akasema kwa upole, akauvuta mpaka shavuni.