Mashuka ya Belo la Machibya

Ruksa ya biashara huria ilipokuja na mitumba ikafurika Mwanza, Paskazia aliacha kuuza nyanya, akapata kibanda pale Buzuruga. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na watoto wake, naye alikilinda kama mboni ya jicho. Aliyemkopesha mabelo ya nguo alikuwa Machibya, muuzaji wa jumla, baba wa ubatizo wa mwanawe Venant, mtu wa kukaa benchi la mbele kanisani na kukohoa kwa heshima.

Kwenye mitumba kila mtu anajua: belo likishakatwa kamba halirudi. Safari hiyo Machibya alimpa belo la mashuka, alipe mwisho wa mwezi, kibanda kikiwa dhamana. Paskazia alipokata kamba, harufu ilimrudisha nyuma. Mashuka yalikuwa na damu iliyoganda, mengine usaha. Ya hospitali za ng'ambo, bila shaka. Alitapika nyuma ya kibanda. Uchafu wa namna hiyo mtu anamuuzia mama wa mtoto aliyemsimamia ubatizo!

Angepiga kelele pale pale, watu wangeona. Lakini Paskazia alilelewa kwamba uchafu hauanikwi mbele za watu. Akayabeba nyumbani, akayachemsha, akayasugua mpaka vidole vikachubuka, akayaanika juu ya mawe hadi yakawa meupe pe. Kazi hiyo ilikula mwezi mzima. Alipoanza kuyauza, siku ya kulipa ilikwishapita, na Machibya, badala ya kuja kuuliza, akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kibanda.

Siku ya kesi wanawake wa sokoni walijaa. Machibya alisimama na suti yake, sauti laini kama anasoma somo la misa. "Mheshimiwa, dawa ya deni ni kulipa. Huyu nimemsaidia kama dada yangu."

Hakimu akamgeukia Paskazia. "Mbona umechelewa, mama?"

"Belo lilikuwa baya, Mheshimiwa. Nilihangaika kuyafua mashuka." Zaidi ya hapo aibu ilimfunga mdomo.

Wazee wa baraza wakayapapasa mashuka aliyokuja nayo. "Mbona mazuri?" akauliza mmoja. Paskazia akaona kwamba ushahidi wake ameufua kwa mikono yake mwenyewe, na kibanda ndicho hicho kinakwenda.

"Kama ni mazuri, ayachukue yeye!" akafoka. "Niliyouza nitamlipa, haya akatandike kwake leo leo." Akamwekea Machibya shuka moja mkononi.

Machibya akalitupa chini, uso umemkunjamana. "Mashuka ya wagonjwa nikayalalie mimi?"

Hakimu akaweka kalamu mezani. "Nani ametaja wagonjwa hapa?"

Machibya akaanza kutafuta leso. Kumbe alijua, mnafiki yule! Alijua kabla belo halijakatwa, na bado alipiga magoti kila Jumapili. Kikulacho ki nguoni mwako. Dai likatupwa, kibanda kikabaki cha Paskazia, naye akageuka na tabasamu kuwatazama wenzake.

Hakuna aliyetabasamu. Getruda, muuza dagaa wa kibanda cha pili, alikuwa amenunua kwake mashuka mawili ya belo lile, ya binti yake aliyejifungua. Aliinuka, akatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi Getruda alikuja kibandani. Hakusalimia. Akayaweka yale mashuka mezani, yamekunjwa vizuri.

"Yule Machibya tumemjua," akasema. "Na wewe, Mama Venant?"

Getruda akajifuta mikono kwenye kanga, akaondoka. Hata hela yake hakuidai.