Kwihara katika Madaftari Mawili

Madam wa Kiingereza alitueleza kwamba diary inasema kilichotokea, na journal inasema ulichokiwaza kilipotokea. Mimi ambaye darasani hata "present" naijibu kwa kunong'ona majina yanapoitwa, siku hiyo hiyo nikanunua daftari la pili. Nikajiona mwandishi mkubwa wa shule nzima ya Chemchem.

Kisha tukaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona tembe la kale, nyumba ya udongo ambako misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika. Diary yangu iliandika: "Nimetapika michembe ya viazi kwenye basi. Sketi imechafuka." Journal ikaandika: "Nilisimama ndani ya tembe, nikasikia nyayo za wapagazi zikinijia moyoni."

Madam alisema atachagua ukurasa mmoja wa journal aubandike kwenye gazeti la ukutani. Niliutaka ukuta ule mpaka usingizi ukawa wa shida. Nilipoitwa kusoma, nikasimama, nikasoma mpaka nikafika kwenye nyayo.

"Wee! Nyayo za wapi?" akadakia jirani yangu wa dawati. "Si ulikuwa nyuma ya basi unafua sketi mpaka tunaondoka?"

Darasa likalipuka. Madam akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Uliingia ndani?"

"Hapana, madam."

"Basi hizo nyayo umezitunga. Journal ni mawazo yako ya kweli. Huko nyuma ya basi uliwaza nini?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshaaibika kabisa, nikasema: "Niliwaza kwamba wapagazi walitembea kutoka hapa mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mimi nimetoka mjini tu, nimekaa siti ya dirishani, na mzigo wangu ulikuwa michembe. Hata huo sikuufikisha."

Wakacheka tena, jirani yangu akipiga dawati. Madam naye akageukia ubao, mabega yakitikisika.

"Andika hivyo hivyo," akasema. "Huo ndio ukurasa nitakaoubandika."

Ukuta nimeupata. Uko njiani kuelekea jikoni, kwa hiyo shule nzima inanisoma ikiwa na sahani mkononi. Siku hizi nazungukia nyuma ya maabara nikienda kula, na bado kidato cha kwanza wananivizia: "Shikamoo, dada mpagazi!"

Nami, mjinga, naitikia marahaba.